Heroe wa Rangi ya Kucha

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe ametamka. Chumba cha nyuma ya nyumba yake, ambacho mimi nakiita karakana na mke wangu anakiita jalala, kitapata mwenyewe Jumapili. Ama nimwonyeshe kazi inayoeleweka, ama anampa shemeji, mdogo wake mke wangu, afugie kuku. Kushindwa na kuku! Mtu mzima!

Lakini akili ni mali, na mimi sijafilisika. Kila Jumapili mama mkwe na wenzake wa kikundi cha kutazama ndege huenda bwawani, wameyabana kwapani madaftari makubwa ya shule ya kuandikia walichokiona. Nitawatengenezea vijidaftari vya mfukoni, kila jalada na picha ya ndege ya zamani. Ataona kikundi kizima kimeshika kazi yangu.

Picha zipo. Marehemu baba mkwe aliacha kitabu kikubwa cha ndege waliochorwa kwa mkono enzi hizo, kurasa zimeshakuwa rangi ya chai. Kinakaa kabatini kwetu, chini ya mablanketi. Mke amenikataza kukigusa. Nimemwambia nakitazama tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekitazama. Kwa mkasi.

Nilijaribu njia ya haki kwanza, iandikwe hivyo. Nilikipeleka kwa dada wa fotokopi. Mashine yake haina rangi. Heroe, yule wa waridi mwenye shingo ndefu, akatoka kunguru. Mdiria akatoka kunguru. Bundi akatoka kunguru aliyeona deni. Dada akasema vijidaftari hivyo nikawauzie kunguru wenyewe. Sasa kosa ni langu au la mashine?

Wamekatika vizuri. Kitabu sasa kina madirisha. Kinapitisha hewa.

Jumatano, 5 Machi

Gundi ya dukani inakunja karatasi kuukuu. Nimepika gundi ya unga, kama mafundi wa zamani. Ikawa nyepesi, nikatia sukari ishike. Mke akauliza nani amepika uji akauunguza. Nikasema ni utafiti.

Migongo ameishona fundi viatu kwa uzi wa soli. Amesema daftari litaoza, mshono utabaki. Nimelichukulia hilo kama sifa.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji amepita "kusalimia". Akapima ukuta kwa mikono mbele yangu, kama fundi jeneza anayepima mgonjwa. Nikamwonyesha vijidaftari. Akavigeuza, akavinusa.

"Shemeji, hawa wako wazuri. Ila hawatagi."

Akacheka peke yake mpaka mlangoni. Nikamwambia hakuna msomi aliyewahi kumheshimu kuku. Akasema msomi akishikwa na njaa humheshimu sana. Sikumjibu. Hakustahili jibu. Nitalipata kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Sijalipata. Limepatikana jambo lingine. Mama mkwe amemwagiza mke wangu amletee kile kitabu Jumapili, anataka kuwaonyesha wenzake. Miaka yote kimelala, leo ndiyo amekikumbuka!

Mchana akili ikarudi. Zile fotokopi sikuzitupa. Nimewabandika wale kunguru kwenye madirisha, kila mmoja mahali pake, kisha nikawapaka rangi. Bundi kwa majani ya chai. Mdiria kwa kalamu ya buluu. Heroe kwa rangi ya kucha ya mke wangu, ile ya waridi. Anang'aa. Ukisimama mbali, na jicho ukalifumba kidogo, ni yeye hasa. Na mama mkwe macho yake yamechoka. Mungu hamtupi mja wake.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amepata miwani mipya.

Lakini nianze mwanzo. Mwenyekiti wa kikundi, nesi mstaafu mwenye sauti ya wodini, aligawa vijidaftari. Watu wakavitia mfukoni, wakavitoa, wakavitia tena, kwa raha tu ya kuona vinaingia. Mama mkwe alipewa chenye heroe. Akakitazama sana, akakishika. Nikajiona chumbani.

Bwawani wenzake wakaviweka kwenye nyasi zenye umande ili washike darubini. Shemeji naye alikuwepo, hakualikwa, na kapu mkononi. Ndani ya kapu, kuku wake bora, zawadi kwa mama yake. Hongo ya mchana kweupe! Kuku akanusa sukari. Akachomoka, akaanza na bundi. Shomoro wakaona mwenzao anakula, wakashuka. Kunguru wa kweli wakafuata. Mwenyekiti akanong'ona kwamba tangu kikundi kianze ndege hawajawahi kuwasogelea hivi, watu waandike upesi. Hapakuwa na pa kuandikia. Pa kuandikia palikuwa panaliwa.

Hapo ndipo mama mkwe alipofungua kitabu. Ukurasa wa heroe ulikuwa umegandana na jirani yake. Ukaachia kwa sauti ya kitambaa kikichanika. Akaweka kijidaftari chake kando. Heroe wawili, mmoja anang'aa. Akatazama kucha za mke wangu. Mke akanitazama mimi. Shemeji alikuwa anamtazama kuku, kwa mapenzi.

"Mkwe wangu," akasema taratibu, "mume wangu alinichumbia kwa picha hii. Aliniambia nina shingo kama ya heroe."

Watu wote wakaitazama shingo. Ni kweli.

Nikasema kwamba imebandikwa imara. Nikitafakari sasa, halikuwa jibu zuri.

"Chumba ni cha kuku," akasema. "Na wewe utakaa humo humo nao, mpaka kila ndege arudi kwenye ukurasa wake."

Jumatano, 12 Machi

Nimepata chumba! Shemeji anasema nimefungwa. Wivu.

Kazi inakwenda. Nabandua picha kwa mvuke wa birika, na gundi inayobaki nyuma kuku wanaidonoa mpaka panang'aa. Wasaidizi wazuri, hawaulizi maswali. Bundi ndiye hatarudi, aliliwa. Heroe amerudi tangu asubuhi. Mama mkwe alikuja kumkagua. Akakaa, akapitisha kidole shingoni kwa ndege, kisha shingoni kwake. Akaondoka bila kunisalimia, ila mlango aliufunga polepole. Mambo yanalainika.

Jioni nimeenda kabatini kutafuta kitambaa. Pale kilipokuwa kitabu cha ndege, chini zaidi, kuna kingine. Cha samaki. Rangi safi kabisa! Nikawakumbuka wavuvi wa ndoano pale bwawani. Hawana hata pa kuandika wanachokikosa. Na kosa la safari ile nimeshalijua: sukari. Safari hii gundi nitatia chumvi.

Mke amenikuta nacho mkononi. Nimemwambia nakitazama tu.