Mama Aliponisindikiza Kwenye Usaili wa Boti

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe. Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani zangu wa Kerege, maana wale watatia chumvi.

Mnajua nimesomea uhudumu wa hoteli, na tangu nimalize nipo nyumbani nafukuza kuku. Juzi nikapigiwa simu. Kuna boti ya watalii imetia nanga Bagamoyo, ina vyumba vya kulala, inatafuta mhudumu mmoja wa usafi na kugawa chakula. Hata asiye na uzoefu aje, atajaribiwa papo hapo. Niliruka!

Mama akasema, "Tunakwenda wote."

"Mama, mimi mtu mzima!"

"Na matapeli je, ni watoto? Anayemwita mwanangu kazini majini lazima nimtazame usoni."

(Mama yangu haombi ruhusa. Anatoa taarifa.)

Asubuhi tukafika ufukweni, mimi na shati jeupe, tai, viatu vinang'aa. Kiboti kidogo kikatupeleka hadi kwenye boti yenyewe. Akatupokea Bi Thuwaiba, msimamizi wa wahudumu, mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya upole.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu?"

"Mama yangu. Amenisindikiza."

Mabaharia wawili wakatazamana. Nikadhani hapo ndipo nimeumbuka. Kumbe bado!

"Bahari umeizoea?" akaniuliza Bi Thuwaiba.

"Sana. Mimi mtoto wa pwani."

(Wa Kerege. Bahari naijua kwa upepo wake.)

Kazi ya kwanza: kutandika kitanda chumba cha chini. Chumba chenyewe kama kabati, kinanuka dizeli. Nikainama kuchomeka shuka, sakafu ikainuka. Nikainuka, sakafu ikashuka. Kona ya pili ya shuka, tumbo likaniuliza swali. Kona ya tatu, likajijibu lenyewe.

Juu ya shuka jeupe!

Bi Thuwaiba akashuka, akatazama. "Pole. Umelewa bahari."

"Ni mwendo wa boti tu, bi mkubwa."

"Mwanangu, boti haijang'oa nanga."

Nikapandishwa juu, nikapewa ndoo. Niliikumbatia kama ndugu yangu wa damu. Mama akavua baibui, akajifunga khanga kiunoni. "Nipeni maji na sabuni. Uchafu wa mwanangu simwachii mtu."

Aliporudi juu, shuka limeshafuliwa, sakafu imedekiwa, na Bi Thuwaiba aliyekwenda kukagua akatoka anasafisha miwani.

Wakati huo mpishi alikuwa anatoka jikoni na sinia la juisi ya ukwaju, anawapelekea wageni watatu waliokaa mbele. Ikapita boti nyingine kwa kasi. Wimbi! Mpishi akayumba, mama akalipokea sinia hewani, halikumwagika hata tone. Kisha, kwa kuwa tayari alikuwa nalo mkononi, akaenda kuwagawia wageni mwenyewe. Boti ikiinama huku, yeye anaegemea kule, utadhani wamekua pamoja. Mzee mmoja wa Kizungu alishikwa na hofu, akamng'ang'ania mkono. Mama akamwambia, "Taratibu, baba. Nipo hapa." Yule mzee hajui neno la Kiswahili, lakini alikaa akatulia, akanywa juisi yake.

Nami huku kwenye ndoo nikawa namwangalia. Nimekula kwa mikono ya huyu mwanamke maisha yangu yote, nikidhani namjua.

Bi Thuwaiba akamsogelea. "Umewahi kufanya kazi wapi?"

"Kuajiriwa sijawahi. Kazi nafanya tangu nilipopata akili."

"Jumatatu utaweza kuanza?"

Mama akashika ncha ya khanga. "Mimi nimemsindikiza mtoto. Riziki yake siwezi kuichukua."

Lakini uso wake niliuona. Ulikuwa wa mtu anayesema ameshiba huku sahani inapita. Akanigeukia. Bi Thuwaiba akanigeukia. Mpishi, mabaharia, wageni, wote wananitazama mimi na ndoo yangu. Nilitaka kusema neno zito, la mtoto wa kiume anayemheshimu mzazi wake. Nikafumbua kinywa, likatoka lingine kabisa.

Ikabidi nichomoze mkono juu ya ndoo, nionyeshe dole gumba.

Boti nzima ikacheka! Mpaka yule mzee! Mama peke yake hakucheka. Alikuja akanifuta mdomo kwa khanga kama mtoto wa chekechea (mbele ya watu, na tai yangu shingoni), kisha akamwambia Bi Thuwaiba, "Nitakuja."

Tuliporudi kwenye kiboti kidogo akaninong'oneza, "Umekasirika, baba?"

"Hapana, mama. Najivunia sana. Ila usinisemeshe, nitatapika."

Basi ndugu zangu, kama mna roho za kibinadamu, msinicheke. Na anayeshindwa kujizuia acheke taratibu. Mfanyakazi wa boti yuko chumbani anajaribu sare, na mimi nimeshaagizwa kuipiga pasi.