Maoni ya Umma Kuhusu Nyamera wa Vernon

"Serikali inataka maoni yenu!" Wakili alitangaza, simu juu. Wakili ni jina la utani; hakusomea sheria. Alikuwa ameshtakiwa tu mara nyingi.

Walikuwa kwenye meza ya dirishani katika mkahawa wa Loretta, hapa Nebraska. Dizeli, dereva mstaafu wa malori, alinyanyua kichwa. "Kuhusu barabara?"

"Wanyama wa nje walio hatarini kutoweka. Kuna watu wanaomba vibali vya kuwaingiza nchini. Tuna siku thelathini za kusema."

Vernon Pruitt alizamisha uso kwenye kikombe cha kahawa.

"Bustani moja ya wanyama inataka duma wawili. Halafu kuna huyu, kaua nyamera mwenye uso mweupe huko Afrika Kusini, anataka kuleta kichwa. Sababu: kusaidia aina hiyo ya mnyama iendelee kuishi."

Dizeli alipaliwa. "Ngoja. Kamuua ili aishi?"

"Ndivyo fomu inavyosema."

"Basi na mimi naila hii bekoni ili nguruwe wanenepe!"

Loretta alifika na birika. "Mtu mzima mwenye pumzi akiomba viza anazungushwa mpaka viatu vinaisha soli. Kichwa cha marehemu, taifa zima linaulizwa! Andika, Wakili: mwombaji ni bwege."

"Ongeza: na mwoga," Dizeli akadakia.

"Huenda ana sababu zake," Vernon alisema kwa sauti ndogo.

"Sababu gani? Nyamera kamtukania mama?"

Wakili alisogeza skrini atafute jina. Akalisoma mara mbili, akamgeukia Vernon. "Vern... si ulisema Aprili ulikwenda Arizona kutibiwa goti?"

"Nilikwenda. Nikapitiliza."

Dizeli alicheka hadi kofia ikaanguka. Loretta hakucheka. Alivuta kiti, akaketi. "Ilikuwaje, Vern?"

"Tangu Marjorie afariki, nyumba imekuwa kubwa mno. Shemeji akasema twende tukawinde. Nikalenga nikiomba nikose. Maisha yangu yote sijawahi kulenga sawasawa, ila siku ile tu."

"Na kichwa ungekitundika wapi?"

"Sebuleni. Mkabala na kiti cha Marjorie, ninachokalia siku hizi."

"Ili muwe mnatazamana?"

Vernon aliyaona yale macho ya kioo, kila jioni, yakimkodolea. Akasukuma kikombe kando.

"Lete simu," alisema.

Wakili aliona haya. "Nifute bwege?"

"Bwege liache. Ongeza: kibali asipewe. Weka jina langu."

"Mzee, mtu hajipingi mwenyewe! Si uondoe tu maombi?"

"Wameomba maoni ya wananchi. Mimi ni mtalii hapa?"

Wakili alitafuta kifungu, akakikosa. Vernon akabonyeza mwenyewe. Simu ikalia. Wakili akasoma: "Asante. Maoni yako yamepokelewa, na yatazingatiwa."

Dizeli alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. "Vern, ushawahi kuambiwa hivyo?"

"Miaka thelathini na minane ya ndoa," Vernon alisema, "hata mara moja."

Loretta alicheka hadi akaliweka birika chini.