Nukta Yangu na Koleo la Graeme

Jumatatu, 28 Aprili

Jumamosi tunapiga kura. Nchi nzima inajiuliza nani atatawala. Sisi hapa Gulgabarra, kamji ketu ka Australia, tunajiuliza nani atashika koleo la soseji uani mwa shule tunayopigia kura, pale kamati ya wazazi inapowauzia wapiga kura soseji za kuchoma.

Kila uchaguzi analishika Graeme Tuckwell, fundi bomba mstaafu, kifua mbele kama bata mzinga. Mimi ananipa chupa ya sosi. Sosi! Mtu mzima nasimama namwagia watu nyanya, yeye anageuza soseji kama anaongoza bendi ya polisi. Mwenye koleo foleni yote inampita, na mtu anayesubiri soseji hana pa kukimbilia. Unamuuzia mashine ya kukatia nyasi hapohapo. Mimi nauza mashine hizo. Zingine zinawaka.

Leo nimepata akili. Uchaguzi uliopita kuna mtu alilalamika eti aproni ya Graeme ina rangi ya chama. Nikamfuata Maureen, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mwanamke anayependa sheria kuliko chakula. Nikamwambia mshika koleo lazima awe hana upande. Tupimwe! Kuna ile mitihani ya kwenye simu: unajibu maswali, wanakuwekea nukta kwenye ramani ya siasa, kushoto au kulia. Nukta iliyo karibu zaidi na katikati ipewe koleo. Maureen macho yakamwaka. Alhamisi, mbele ya kamati.

Graeme kwisha habari yake.

Jumanne, 29 Aprili

Nimejipima jikoni. Kwanza nimejibu kwa moyo safi, nione tu. Daktari wa meno awe bure? Ndiyo. Treni? Bure. Matajiri watozwe zaidi? Bila huruma, mimi si mmoja wao.

Nukta imeangukia pembeni kabisa, miguuni kwa wale wa chama cha mazingira, wakumbatia miti! Watu wa kandambili na maziwa ya shayiri! Nimewacheka watu hao miaka yote. Huo mtihani umetengenezwa na mlevi.

Mke wangu Sharelle akachungulia, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Nev, mume wangu, wewe kila siku si unataka vya bure? Umefika kwenu."

Nimerudia, nikabonyeza "sina msimamo" mwanzo mpaka mwisho. Nukta katikati kabisa, kama kitovu. Rahisi hivyo! Na kuna watu wanasomea siasa chuo kikuu.

Jumatano, 30 Aprili

Sehemu ya pili ya mpango. Nimemkuta Graeme baa. Nikamnong'oneza kirafiki kwamba Maureen hapendi watu vuguvugu, kwa hiyo kesho abonyeze "nakubali kabisa" kila swali, asitazame hata linauliza nini. Mtu anayekubali kila kitu hawezi kuwa katikati, atakuwa kichaa. Mpumbavu yule akanishika bega, akasema hakujua kama mimi ni muungwana, akaninunulia bia. Nimeinywa. Tamu, bia ya mtu anayekwenda kuanguka.

Alhamisi, 1 Mei

Aibu. Aibu tupu.

Maureen alileta mtihani mwingine, kauchagua mwalimu wa darasa la sita, na huo hauna kitufe cha katikati! Unakubali au unakataa, basi. Jasho likanitoka. Ila mjanja hakosi njia: nikaenda ndiyo, hapana, ndiyo, hapana, mpaka mwisho. Nusu kwa nusu. Kuna haki gani zaidi ya hiyo?

Nukta ikaruka mpaka kona ya mwisho ya ramani. Nyuma ya wakumbatia miti! Kuna wakumbatia miti wangeniona nimezidi.

Kisha Graeme. Nakubali, nakubali, nakubali, kama bibi harusi. Nukta yake ikatua katikati kabisa. Maureen akapiga makofi.

Mwalimu akaanza kueleza eti maswali yamepangwa kwa zamu, moja la kushoto, moja la kulia, kwa hiyo ukijibu yote sawasawa unarudi katikati. Sikumsikiliza. Nilikuwa namtazama Graeme anavyolipangusa koleo kwa leso.

Akasimama mbele ya kamati nzima, akasema, "Namshukuru rafiki yangu Nev. Yeye ndiye aliyenielekeza."

Maureen kazibandika ramani zetu kwenye ubao wa matangazo, na majina.

Jumamosi, 3 Mei

Nimerudishwa kwenye sosi? Thubutu! Sosi kapewa mwalimu. Mimi nimemenya vitunguu nyuma ya choo, kwa sababu Maureen anasema mtu wa msimamo mkali asikae karibu na wapiga kura. Nimelia asubuhi nzima, na watu wanapita wananipa pole eti nimeguswa na demokrasia.

Mashine niliyouza: hakuna. Graeme, ambaye hana hata cha kuuza, kazungumza na mji mzima.

Halafu wakaja. Wakumbatia miti watatu, na fulana zao. Walisoma ubao. Mmoja, mama mmoja anaitwa Rosalind, akanikumbatia nikiwa na kisu mkononi. Akaniambia, "Kaka, karibu nyumbani. Tulijua hata kwenye baa yenu ile kuna mwenzetu."

Nikamwambia mimi siasa zao nazidharau kutoka moyoni. Akasema hata yeye alianza hivyo. Nikamwonyesha picha ya mashine za nyasi. Akasema yeye nyasi anaziacha ziote, kwa ajili ya nyuki.

Soseji nilipata moja, ya mwisho. Imeungua. Graeme kaichagua mwenyewe, kwa koleo.

Jumapili, 4 Mei

Nimelala, nimeamka, nimeelewa kila kitu. Kosa halikuwa la mpango, mpango ulikuwa dhahabu.

Uchaguzi wa jimbo unakuja, na Maureen kasema tutapimwa tena, mtihani uleule. Vizuri sana. Safari hii nitamnong'oneza Graeme akatae yote, kila swali, bila kusoma. Ataniamini, mimi si rafiki yake? Tuone huo ukatikati atautoa wapi.

Na mimi nitakwenda nusu kwa nusu, kama mwanzo. Ila safari hii nitaanza na hapana.