Simu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Sheria mpya imeanza: marufuku kushika simu ukiendesha gari. Mama mkwe, mwenye biashara ya mayai, katuita madereva wake wawili: mimi na mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu. Atakayekamatwa, kasema, atafagia mabanda ya kuku. Mwenzake atapewa pikapu mpya. Nikapinga, kwa adabu zote: Mungu hakutupa mikono miwili bure. Akajibu mmoja ni wa usukani, mwingine wa gia. Mwanyumba akaitikia kwa kichwa. Kujipendekeza gani huku! Pikapu ile lazima niipate.

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia mwanyumba kila nilipojua yuko karibu na trafiki. Hapokei! Jioni kaniambia aliona ni mimi, akajua hakuna la maana.

Jumatano, 5 Machi
Mkwe gani atathubutu kutopokea simu ya mama mkwe? Nikaiazima, eti yangu imeisha chaji. Nikapakia mayai, nikamfuata mwanyumba kwa nyuma nishuhudie akinaswa. Nikapiga. Akawasha indiketa, akaegesha pembeni, akazima injini, ndipo akapokea: shikamoo mama! Nikabaki nimeduwaa, simu sikioni. Pu! Nimegonga pikipiki ya trafiki. Ilikuwa imeegeshwa, mwenyewe kasimama kando anatazama. Mayai yote rojorojo. Simu kaichukua iwe ushahidi. Mtego umemnasa aliyeutega, pamoja na simu ya mama mkwe wake.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe kaenda mwenyewe kituoni kudai simu yake. Kahubiriwa usalama barabarani mbele ya wateja wake. Karudi, kaanza kuhesabu maganda ya mayai. Bora angenitukana. Naona aibu, kusema kweli, ila sheria yenyewe ndiyo mbaya. Pikapu kapewa mwanyumba. Halafu akaniombea msamaha! Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepewa nafasi ya mwisho: gari kuukuu, na simu inabaki kwa mke wangu. Nikikamatwa tena, fagio. Haya! Mimi sasa raia mwema. Sheria nimeisoma yote. Imetaja simu tu, shajara haimo. Kwa hiyo mkono mmoja wa usukani, mwingine wa kalamu. Mwandiko umepinda kwa sababu ya mashimo. Trafiki yule yule yuko mbele, katikati ya barabara, ananipungia mikono yote miwili. Tumeshazoeana. Ngoja nimalize sentensi hii, nami nimpungie.