Mlango Aliouacha Wazi Rigobert

Rigobert hakuwa mwizi wa kuingia dirishani, la. Yeye alikaribishwa mlangoni, akapokelewa koti, akapewa kiti.

Siku hiyo, nje ya kanisa la Wakongo huko Anderlecht, Ulaya, alimsikia Maman Kasoki akilalamika. Ana kompyuta mbili za zamani, moja sebuleni, moja jikoni. Filamu ya harusi ya binti yake iko kwenye ile ya sebuleni, naye anataka kuitazama akipika. Ndimo pekee anamoweza kumwona tena marehemu mumewe, akicheza.

Masikio ya Rigobert yakasimama.

"Maman, mimi niko ingénieur wa mashini. Nitazifanya zisemezane."

Mchezo wake ulikuwa huu: anaunganisha kompyuta, anahamishia vitu kwenye laptop yake kimyakimya, kisha anapiga yowe kwamba virusi imekula. Baada ya siku chache anarudi "ameviokoa", na bahasha ya pesa inamtoka mwenye nyumba. Maman Riziki wa ghorofa ya juu alikwisha kutoa yake kwa ajili ya picha za ubatizo, na akamwombea na baraka juu yake. Mungu aliyasikia maombi hayo kwa subira kubwa.

Jumamosi akaja na suti inayong'aa. Akavuta waya, akaunganisha mashini zote tatu, akazima neno la siri kila mahali, hata kwenye laptop yake mwenyewe, maana kompyuta kuukuu ni kama mama mkwe: ukizihoji sana, zinanuna. Na kwa kuwa alipenda kusikilizwa, akafundisha.

"Ona, maman. Couper, unakata huku; coller, unabandika kule. Kule ikifika, huku haiko tena."

"Couper, coller," Maman Kasoki akarudia polepole, kama mtu anayejifunza wimbo.

Maman alipogeuka, harusi ikahamia kwenye laptop ya Rigobert. Kabla hajaifunga, sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikatua mezani.

"Papa ingénieur, acha mashini. Kula."

"Bon, maman, kidogo tu nimalize..."

"Kwetu Butembo mugeni haendake na tumbo tupu. Unataka batu baniseme?"

Akanawa. Mkono ukishaingia kwenye ugali wa fufu haugusi laptop, na kila alipotaka kuinuka, kijiko kingine cha sombe kilimrudisha kitini. Katikati ya vijiko, Maman Kasoki alikwenda jikoni "kuangalia samaki", akiimba pambio taratibu.

Mwishowe Rigobert akanawa, akafunga laptop bila kuitazama, akajishika kichwa.

"Yesu wangu! Virusi imekula harusi!"

"Aka! Papa wa batoto wangu iko anacheza mule!" Maman Kasoki akalia vizuri kabisa.

Wiki iliyofuata Rigobert, ambaye hakuwa ameifungua laptop tangu siku ile, akarudi na uso wa mkombozi. Maman Riziki naye alikuwapo, pamoja na kwaya nzima ya kanisa. Rigobert akafungua laptop mbele yao. Tupu. Harusi hakuna, ubatizo hakuna. Hata picha zake mwenyewe, zile za suti ya kijani akiegemea magari ya watu kule Uccle kwa matajiri, hakuna.

Jikoni ngoma ikalia. Kwenye kioo cha kompyuta, marehemu alikuwa akikata kiuno.

"Papa ingénieur," Maman Riziki akauliza, "virusi imekula na weye?"

Kwaya ikacheka kwa sauti nne.

"Niliona jina yako kwenye mashini ya jikoni," Maman Kasoki akasema. "Nikafungua. Couper, coller, vile ulinifundisha. Ile filamu iko nzito, inakawia kuhama, donc nikakuongeza sombe."

"Maman, pardon... picha zangu..."

"Ziko muzima. Rudisha kwanza bahasha ya Maman Riziki. Kisha utaunganisha mashini za bamaman bote hapa, bure. Nyumba moja, nakurudishia picha moja."

Rigobert akatazama kwaya. Ilikuwa kwaya kubwa. Akatoa bahasha, akaokota nyaya zake, akaelekea mlangoni.

"Unaenda wapi?" Maman Kasoki akashangaa. "Kula kwanza!"

Akakaa. Lakini safari hii alikula kwa mkono mmoja, wa pili ameubandika juu ya laptop, ingawa ndani hamkuwa na kitu tena.