Mwale Wenu na Harusi ya Jagoda

Wólka Grabowa, Jumatano

Mheshimiwa Profesa Wojnar,
Mwenyekiti wa Kamati ya Kugawa Mwale,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeketi, maana ukiisoma umesimama utaanguka.

Mimi ni Kazimierz Pyzik, baba yake Jagoda, yule msichana wa fuwele. Nimesoma madarasa saba na nusu; nusu iliyobaki niliimalizia barabarani, nikiendesha lori kutoka Rzeszów hadi Lisbon na Istanbul, kwa hiyo hakuna jambo la dunia hii linalonishinda ila mke wangu Bogumiła. Siku hizi nakausha soseji kwa moshi, na soseji zangu huliwa na maaskofu. Nakuandikia kwa heshima zote, huku nimekasirika.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Binti yangu anaolewa Jumamosi ijayo. Ukumbi tuliuwekea nafasi kabla hata hajapata mchumba, kwa sababu kwetu ukumbi ni adimu kuliko mume. Halafu kamati yako ikampa zamu ya mwale wa eksirei, Ijumaa hadi Jumapili ya wiki hiyo hiyo. Kati ya siku zote Mungu alizoziumba, mkaiona hiyo. Nilimpigia simu katibu wako, akanieleza kwa upole kwamba watafiti wanausubiri mwale mwaka mzima, na anayekosa zamu yake anarudi mwisho wa foleni. Nikamwambia hata wakwe wanasubiri.

2. Fuwele zenyewe. Jagoda amezilea kwenye friji kama vifaranga, ndogo kuliko vumbi la unga, na zimetokana na protini ya kijidudu cha malale. Malale ni maradhi ya mbali. Kijijini kwetu anayelala mchana amelazwa na vodka. Binti anasema wakishalijua umbo la hiyo protini, watajua dawa ya kuiziba mdomo. Sipingi, nimelala na wadudu kwenye lori, hatuna urafiki. Ila nilishauri kwa nia njema ziwekwe friza hadi harusi ipite, kama pierogi za mama yake, zile sambusa za kuchemsha. Kumbe zikigandishwa hivyo zinapasuka, na zikiachwa kwenye friji wiki moja zaidi zinayeyuka. Sasa mgeni gani huyo, asiyevumilia baridi wala kungoja?

3. Namna mnavyozifikisha mbele ya mwale inasikitisha. Tymek, mkwe wangu mtarajiwa, alinichorea kwenye karatasi ya kufutia mikono. Fuwele zinachanganywa na grisi, zinashindiliwa ndani ya sindano, kisha zinasukumwa zitoke kama uzi mwembamba, na mwale unaupiga uzi huo unaposhuka. Yaani ni mashine ya kujazia soseji, mmeivalisha koti jeupe tu. Fuwele nyingi zinapita bila kuguswa. Ile inayoguswa inatoa picha moja, kisha inakufa. Profesa, unaalika kijiji kizima, unapiga picha watu kumi, na hao waliopigwa picha ndio unaowazika? Nilijitolea kuleta mashine yangu ya soseji, chuma cha zamani, chuma cha kweli. Tymek akasema itazisaga ziwe uji. Kijana hana adabu lakini ananipendeza.

4. Na huyo Tymek naye mmemchukua. Jagoda anabadilisha sindano, yeye anakaa kwenye skrini, wakichoka wanabadilishana. Mngemchukua mmoja, tungemwoza aliyebaki.

5. Kwa hiyo naomba msogeze mwale. Kama mwale hausogei, nitaisogeza harusi. Tutakuja kwenu sote, na mkate na chumvi ya kuwapokelea maharusi, na nguruwe wangu wawili, na bendi. Padri atasimama nyuma ya ule ukuta wa zege unaouzuia mwale, aulize maswali ya ndoa kwa kipaza sauti, nao wajibu mikono ikiwa kazini. Tymek anadai ngoma ya polka itautikisa uzi. Basi wageni watacheza wameketi, na tarumbeta nitaiziba kwa soksi.

6. Mkikataa na hilo, desturi yetu mnaijua: majirani hulaza gogo barabarani, na msafara wa harusi haupiti mpaka utoe vodka. Gogo hilo nitalilaza langoni kwenu. Hapiti profesa, halipiti lori la mitungi ya gesi, na huo mwale wenyewe ukitaka kutoka utoe chupa.

Nisalimie mkeo na watoto, katibu mwenye sauti tamu, mlinzi wa getini, na wote walio kwenye foleni.

Wako kwa hasira na unyenyekevu,
Kazimierz Pyzik,
Baba wa Bibi Harusi

Tanbihi, Alhamisi:

Barua hii nimeileta mwenyewe. Ulikuwa mkutanoni, na Jagoda alikuwa amepewa saa moja ya mwale ajaribu sindano, akaniketisha mbele ya skrini nisizurure. Kazi yangu ilikuwa moja: uzi wa grisi ukijikunja kama mkia wa nguruwe, nipige kelele. Mikia ya nguruwe naijua. Ukajikunja, nikapiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio. Wakausafisha. Halafu ukashuka umenyooka, mwale ukaupiga, na skrini ikajaa nukta, ndizo picha za fuwele, Profesa, nukta zimejipanga kama nyota zilizokwenda jeshini.

Mwanangu akanigeukia, machozi yanamtoka. Akasema, "Baba, ndoa itaningoja. Fuwele hizi hazingoji."

Nikamtazama Tymek. Akasema, "Mzee, mimi ningojee wapi kwingine? Si niko hapa hapa naye."

Basi nimebadilishana ukumbi na Gawron wa ng'ambo ya mto, ambaye yeye alipangiwa Jumamosi inayoifuata yetu. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Gauni la binti yake linazidi kubana kila wiki. Padri amekubali kwa paja moja la nguruwe lililokaushwa. Aliyebaki ni Bogumiła, naye haamini kitu kisicho na mhuri. Naomba unijibu upesi kwa barua yenye mhuri nimwonyeshe, ukatae kila ombi langu kwa ukali, na uandike kwamba nilipigana kama simba.

Na ukiweza, waongezee Jumatatu. Zamu ya mchana kwenye skrini nimeshapewa mimi.