Mkalimani wa Ukurasa Mmoja

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepata kazi! Mimi, Agustino, mtoa nakala wa Bigwa mwenye D ya Kiingereza, ni mkalimani!

Mtafiti wa mboga ametoka Uingereza, Dokta Hilary. Anataka mtu wa kumpeleka kwa wakulima wa juu Uluguru. Athumani, jirani yangu wa duka, alishaandika barua ya kuomba. Athumani Kiingereza anakijua kweli. Nikamdokeza Dokta kwa ishara za mikono kwamba huyo akipanda milima hushikwa na kizunguzungu. Mungu anisamehe.

Kasoro moja. Kitabu changu cha misemo ya Kiingereza kimebaki ukurasa mmoja. Nyingine zilifungiwa vitumbua. Ukurasa wenyewe ni wa misemo ya watu walio matatani tu. Nimeukariri wote.

Jumanne, 5 Agosti
Ajabu ya Waingereza! Sisi tukibanwa tumekalia kuti kavu. Wao wako ndani ya achari. Au kwenye maji ya moto. Au mtoni bila kasia. Kila taifa na balaa lake.

Asubuhi Dokta aliniuliza hali. Nikajibu niko ndani ya achari. Nimelalaje? Mtoni, bila kasia. Alicheka hadi akafuta machozi, akaniita mcheshi. Sijui nilichochekesha. Nashukuru hata hivyo.

Jumatano, 6 Agosti
Tumepanda saa tatu nzima. Magoti yamekwisha. Tumefikia kwa Bi Modesta, mkulima wa kabichi na karoti. Nikamwamkia shikamoo, akatukaribisha viazi vya moto.

Akaeleza kwa kirefu: viwavi, mbegu mbovu, kabichi zinaozea shambani, ada ya binti. Nikatafsiri: yuko ndani ya achari. Dokta akauliza taabu gani hasa. Maji ya moto, nikasema. Yametokana na nini? Amekosa kasia.

Bi Modesta akashangaa maneno yake mengi yamekwenda wapi. Nikamweleza kwamba Kiingereza ni lugha ya ufupi.

Binti yake, Winfrida, anasoma chuo kikuu Mzumbe na yuko likizo. Alikuwa akimenya maharage huku akinitazama. Sikuupenda mtazamo ule.

Alhamisi, 7 Agosti
Naandika nikiwa nimelala, mguu juu ya mto.

Asubuhi Winfrida alisema angependa kutusaidia kutafsiri. Kazi yangu hiyo! Nikamwahi. Nikamchukua Dokta kwa njia ya mkato ya kijitoni, nikitangulia kama mwenyeji. Jiwe likateleza. Nikatumbukia katikati ya miamba miwili, mguu ukakwama hadi gotini, maji ya mlimani yakinipita kiunoni.

Nikaita kwa Kiingereza: niko kati ya mwamba na mahali pagumu! Dokta akapiga makofi. Niko ndani ya achari! Akashika mbavu. Niko kwenye maji ya moto! Hapo akakaa chini kabisa kwa kicheko, maana maji yalikuwa barafu. Unyayo haukuwa na hisia tena. Siku ya kwanza nasema kweli tupu, na hakuna anayeniamini!

Nikaachana na Kiingereza. "Mama yangu wee! Nakufa!"

Bi Modesta alikuwa chini kidogo akiosha karoti. Alitupa tenga, akaja mbio na jembe, Winfrida nyuma yake.

"Tulia, mwanangu. Usivute mguu."

Akachimbua changarawe kwa jembe, kisha kwa vidole. Akanipitishia kanga yake kwapani. Dokta, sasa akilia kwa kugundua si mzaha, akashika upande mmoja, Winfrida wa pili. Nikatoka kama jino.

Jikoni mama yule alinikanda kwa kitambaa cha moto. Nikashindwa kuvumilia wema wake. Nikamwambia Kiingereza changu ni ukurasa mmoja tu.

"Hilo tulilijua tangu jana," akasema. "Kunywa uji."

Winfrida akatafsiri mchana kutwa. Dokta amewatambua wale viwavi, ameonyesha namna ya kuwanasa, na anamtaka Winfrida kwa utafiti wote. Nilitaka kuona wivu. Sikuweza. Bila kanga ile, leo ningekuwa marehemu.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeshushwa mjini kwa pikipiki, na karoti za Bi Modesta mapajani. Namshukuru Mungu, namshukuru mama yule, nayashukuru hata mawe kwa kuniachia. Athumani alikuja kunipa pole. Nikamwomba radhi kwa ule uzushi wa kizunguzungu. Akasamehe palepale, akanikokota hadi uwanja wa maonyesho ya wakulima ya Nanenane nikapate hewa. Mtu wa dhahabu!

Kwenye banda la pampu za umwagiliaji tukakuta Wachina wawili wanatafuta mkalimani wa kuzunguka nao vijijini. Athumani akawaambia wazi kwamba Kichina hakijui. Maskini, ukweli wake utamchelewesha maishani.

Mimi nikainama, nikasema nihao.

Naanza Jumatatu.